Kutoka Sauti ya TANU hadi Uhuru: Historia ya Gazeti la Chama

Gazeti la kwanza la chama kilichoiongoza Tanganyika kujitawala halikuwa na kiwanda cha chapa wala waandishi wa mshahara. Liliitwa Sauti ya TANU. Lilianza mwaka 1957, likapigwa taipu kwenye karatasi za stensili na kudurufiwa. Mhariri wake alikuwa rais wa chama mwenyewe, Julius Nyerere. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilimzuia kuhutubia mikutano ya hadhara, na yale ambayo angeyasema jukwaani akawa anayaandika.

Uwanja wa magazeti ulikuwa na wenyewe. Serikali ilikuwa na Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu. Maofisa na wafanyabiashara wa Kizungu walisoma Tanganyika Standard, lililotoka Dar es Salaam tangu 1 Januari 1930 kwa mkono wa kampuni ya Nairobi. Waafrika waliothubutu kumiliki gazeti walikuwa wa kuhesabika: Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alianza kutoa Kwetu mwaka 1937, na Mashado Ramadhani Plantan akamfuata kwa Zuhra. Wote hao walikuwa chini ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1928, iliyotaka kila gazeti liandikishwe serikalini. Msomaji aishike sheria hiyo, kwa kuwa tutakutana nayo tena mara kadhaa, kila mara ikiwa na jina jipya na mshikaji mpya.

Mwaka 1958 ulikuwa wa moto. TANU ilikuwa imetoka kwenye mkutano wake wa Tabora, ambako ilikubali kwa shida kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpigakura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mei mwaka huo, toleo la 29 la Sauti ya TANU liliwashutumu wakuu wa wilaya kwa jinsi walivyowatendea wanachama. Serikali ikamshtaki mhariri kwa kashfa ya jinai. Wakili mashuhuri wa Uingereza, D. N. Pritt, alikuja kumtetea. Nyerere alitiwa hatiani, akapewa kuchagua kati ya faini ya shilingi 3,000 na kifungo cha miezi sita. Alilipa, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa umekaribia na chama kisingeweza kumkosa. Wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, hawakupata nafasi kama hiyo: mwaka huohuo walifungwa kwa uchochezi.

Basi gazeti la chama lilizaliwa likiwa mshtakiwa. Miaka mitatu baadaye, aliyekuwa kizimbani ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu.

Nchi ilipojitawala mwaka 1961, TANU ilianzisha Uhuru, kwanza kama gazeti la wiki, baadaye la kila siku. Aprili 1964 likaongezewa ndugu wa Kiingereza, The Nationalist, ili Tanganyika Standard lisibaki peke yake mbele ya wasomaji wa lugha hiyo. Mwaka 1966 uhariri wa The Nationalist ulikabidhiwa kijana ambaye hajafikisha miaka thelathini, Benjamin Mkapa. Kazi ya magazeti haya ilieleweka: kuisemea sera, kuwakemea wapinzani wake na kulieleza taifa linakoelekea. Azimio la Arusha lilipokuja mwaka 1967, kazi hiyo ikapata kitabu cha kurejea.

Hata hivyo Uhuru halikuwa hotuba tupu. Katika kurasa zake aliishi Chakubanga, kikatuni cha Christian Gregory, mtu wa mtaani mwenye vituko ambaye wengi walimtafuta kabla ya tahariri. Katika gazeti lililolea viongozi kwa heshima, yeye alikuwa na ruhusa ya kuwa mjinga, na ujinga wake ukasema mambo ambayo mwandishi wa siasa angeyazungukia mbali.

Wakati huohuo, ile sheria ya mwaka 1928 haikuzikwa pamoja na ukoloni. Mwaka 1968 Bunge liliirekebisha, likampa Rais uwezo wa kulifungia gazeti lolote akiona maslahi ya umma yanadai hivyo. Chombo kilichokuwa juu ya Nyerere mhariri kikawa kikali zaidi mikononi mwa Nyerere Rais.

Tarehe 5 Februari 1970, Tanganyika Standard, wakati huo mali ya kampuni ya Lonrho, lilitaifishwa. Rais akawa mhariri mkuu kwa cheo, na uendeshaji akapewa Frene Ginwala, mpigania ukombozi wa Afrika Kusini. Rais alitoa mwongozo uliolipa gazeti hilo uhuru wa kukosoa ndani ya mipaka ya ujamaa. Mipaka ilionekana upesi. Mwaka 1971 gazeti liliandika tahariri kali dhidi ya Rais Nimeiri wa Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti, na Ginwala akaondolewa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1994, akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru.

Aprili 1972 The Nationalist na Standard yaliunganishwa kuwa Daily News, chini ya Mkapa. Uhuru likabaki la chama, na Jumapili likapata mwenzake, Mzalendo. Kuanzia hapo ramani ya habari ilikuwa rahisi: Kiingereza kwa serikali, Kiswahili kwa chama, na redio ya taifa kwa wote. Ngurumo, gazeti binafsi la Kiswahili lililokuwa na wasomaji wengi wa kawaida, lilizimika katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1975 katiba ikatamka kuwa chama kimeshika hatamu. Mwaka 1976 ikapitishwa Sheria ya Magazeti mpya, mjukuu halali wa ile ya 1928. Mwaka uliofuata TANU na chama cha Zanzibar, ASP, zikaungana kuwa CCM, na Uhuru likawa la chama hicho kipya.

Zikafuata zama za kusoma kwa jicho la pembeni. Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, alipojiuzulu Januari 1984, mvutano wenyewe juu ya Muungano ulikwisha ndani ya vikao vya chama Dodoma. Gazeti lilipokea uamuzi, halikupokea mjadala. Msomaji mzoefu alijua kuangalia picha ya nani imepungua ukubwa na jina la nani limeshuka kwenye orodha ya msafara. Ukosefu wa karatasi nao ulipunguza kurasa.

Mwaka 1988 Business Times lilifungua mlango wa magazeti binafsi. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, mlango ukapanuka: Rai, Majira, Mtanzania, Nipashe, kisha Mwananchi mwaka 2000. Uhuru halikuwa tena sauti pekee ya siasa kwa Kiswahili, na mnunuzi mwenye shilingi chache aliweza kupita bila kuligusa. Mkapa aliyelea magazeti ya chama ndiye aliyekuwa Rais kuanzia 1995, akisomwa na kushambuliwa na vyumba vya habari asivyoviamrisha.

Lakini kufuli ilibaki wizarani. MwanaHalisi lilifungiwa mwaka 2008 kwa miezi mitatu, na Julai 2012 bila kikomo. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Huduma za Habari, iliyobadilisha usajili kuwa leseni ya kila mwaka. Mwaka uliofuata Mawio, MwanaHalisi (lililokuwa limekwisha kurudi), Raia Mwema na Tanzania Daima yalisimamishwa kwa vipindi tofauti. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kuwa vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya.

Ndipo ilipofika Agosti 2021. Uhuru liliweka ukurasa wa mbele habari kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hana wazo la kugombea mwaka 2025. Chama kikasema hakusema hivyo, kikasitisha uchapaji wa gazeti lake chenyewe kwa siku saba na kuwasimamisha viongozi wake. Serikali ikaongeza ya kwake: leseni ilisitishwa kwa siku 14. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kwa karibu miongo sita gazeti lilikuwa upande wa wenye mkuki. Siku hiyo lilisimama mstari mmoja na MwanaHalisi.

Februari 2022 Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliyafungulia magazeti manne yaliyokuwa kifungoni, na marekebisho ya mwaka 2023 yalilegeza baadhi ya makali. Leseni ya kila mwaka ilibaki. Hapo ndipo penye somo la historia hii. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa, akapelekwa mahakamani, akatetewa na wakili, akahukumiwa na hakimu. Mwaka 2021 gazeti alilolirithisha lilifungwa kwa tangazo la ofisa. Washikaji wa sheria wamebadilika mara nyingi, na gazeti la chama limekuwa mshtakiwa, sauti ya mtawala na mshtakiwa tena. Gazeti linalofunguliwa kwa hisani ya waziri mmoja linaweza kufungwa na waziri wa kesho. Mpaka mamlaka hayo yahamie kwa hakimu, jina Uhuru litaendelea kuwa la gazeti kabla ya kuwa la mhariri wake.