Jeni za Mbu wa Kilombero: Vipimo na Madai

Kwa muda mrefu wataalamu wa malaria walirudia kauli moja: usugu wa mbu Anopheles funestus kwa viuatilifu ni wa vimeng'enya tu. Utafiti wa Emmanuel Kaindoa na wenzake wa 2017 ulimhusisha mbu huyu na zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi katika vijiji vya Kilombero na Ulanga. Tuliambiwa kwamba anaivunja sumu ya chandarua kwa sababu jeni zake za jamii ya P450, kama CYP6P9a, zinafanya kazi kupita kiasi.

Kupima kazi ya jeni ni kupima RNA inayotoa. Njia iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford 1977 ilidai RNA nyingi mno, mbu mmoja asingetosha. Vibao vya kupima maelfu ya jeni kwa mpigo vilikuja 1995; kile kilichotengenezewa jeni za usugu mwaka 2005 kilikuwa cha Anopheles gambiae, ndugu yake funestus akasubiri. PCR ya kuhesabu nakala papo hapo ndiyo iliyotawala, pamoja na kanuni ya hesabu ya Livak na Schmittgen ya 2001.

Hapo ndipo penye mzozo. Kanuni hiyo haitoi kiasi cha RNA. Inatoa uwiano tu, kwamba jeni inafanya kazi mara ngapi kuliko kwa mbu mwingine. Kwa funestus, huyo mwingine mara nyingi ni FANG, ukoo wa asili ya Angola uliolelewa maabara vizazi kwa vizazi. Tofauti kati yake na mbu wa Mlimba, bondeni Kilombero, huenda ikatokana na umbali wa kwao, au na maisha ya kizimbani, si dawa peke yake. Isitoshe, RNA huharibika upesi: mbu aliyekufa mtegoni usiku hafai, na barabara ya Mlimba wakati wa masika haimsubiri mtafiti.

Mimi nakiheshimu zaidi kipimo cha kizamani cha PBO, kemikali inayozima vimeng'enya vya P450 kabla mbu hajakutana na dawa. Polius Pinda na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara walikitumia, matokeo yakachapishwa 2020: makali ya pyrethroid, dawa ya chandarua, yakarudi. Vimeng'enya vimo, hilo halina ubishi.

Lile neno "tu" ndilo lililoanguka. Mwaka 2024 Joel Odero na wenzake walitangaza kuwa funestus wa Tanzania, hasa Mkoa wa Morogoro, wana mabadiliko ya L976F kwenye jeni inayounda protini ambayo DDT hushambulia, na yanahusiana na usugu wa DDT, si wa deltamethrin, ambayo ni pyrethroid. Yalionekana kwenye DNA, isiyoharibika upesi kama RNA.

Wanaolaumu chandarua peke yake kwa kuleta usugu siwapi nafasi hapa. Nancy Matowo na wenzake walikwisha kuonyesha, 2020, kwamba wakulima wa Ulanga na Kilombero nao wanapulizia viuatilifu vya pyrethroid mashambani.

Watafiti, mkiandika kwamba jeni fulani imeongezeka mara kumi, mtutajie na mbu mliyemlinganisha naye.