Siku Nne za Tanga

Asubuhi ya Jumatatu, 2 Novemba 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox iliingia peke yake katika ghuba ya Tanga. Nahodha wake, Caulfeild, alimwita melini mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Bwana Auracher, akampa saa moja: ausalimishe mji, la sivyo utapigwa mizinga. Auracher akajibu kwamba hana mamlaka hayo mpaka ashauriane na wakubwa wake. Akashuka pwani, akapeleka telegramu Moshi, akavua nguo za kiraia na kuvaa sare ya jeshi. Melini hakurudi tena. Saa ile ikapita, Fox ikageuka ikatoka zake, na hakuna mzinga uliolia.

Sababu ya nahodha wa vita kupiga hodi kwa adui ilianza miezi mitatu nyuma. Uingereza ilipoitangazia Ujerumani vita tarehe 4 Agosti, gavana wa Kijerumani Heinrich Schnee, aliyekaa Dar es Salaam, hakutaka moto wa Ulaya ufike kwenye koloni lake. Alishikilia Mkataba wa Berlin wa 1885, uliotoa nafasi kwa makoloni ya sehemu hii ya Afrika kukaa kando ya ugomvi wa wenyewe. Manowari ya Kiingereza Astraea ilipokipiga mizinga kituo cha redio cha Dar es Salaam tarehe 8 Agosti, Wajerumani walizamisha gati lao linaloelea kwenye mlango wa bandari ili meli za adui zisipite. Kisha pande mbili zikaafikiana kwamba bandari za Dar es Salaam na Tanga zisiguswe. Wakubwa wa jeshi la majini huko London waliyakataa mapatano hayo, lakini Caulfeild aliona haki ni kuwaarifu Wajerumani kwanza kwamba yamekwisha. Adabu hiyo ililipiwa na watu ambao wakati ule walikuwa bado baharini, hawajui lolote.

Watu hao walikuwa askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, walioondoka Bombay tarehe 16 Oktoba chini ya Jenerali Arthur Aitken. Walisafiri wamebanana melini zaidi ya wiki mbili, wakitapika, na vikosi vingi havikuwahi kupigana pamoja. Lugha zao zilikuwa nyingi na baadhi ya maofisa wao walikuwa wageni kwao. Walipotia nanga Mombasa, Aitken alipewa nafasi ya kuchukua askari Waafrika wa jeshi la Kiingereza la King's African Rifles, watu waliojua vichaka vya pwani na waliomjua askari wa Kijerumani alivyo. Akakataa. Aliamini kwamba Mwafrika mwenye bunduki hawezi kusimama mbele ya jeshi lake. Kwangu mimi, kosa la saa moja ya Caulfeild ni dogo mbele ya dharau hii.

Upande wa pili alikuwepo Paul von Lettow-Vorbeck, aliyefika Dar es Salaam Januari mwaka uleule kushika uongozi wa jeshi la koloni. Alikuwa na makampuni 14, yaani askari Waafrika kama 2,500 na Wajerumani wasiofika 300. Nyingi za bunduki zao zilikuwa za mtindo wa 1871, zenye baruti inayotoa moshi mzito unaomfichua mpigaji. Lettow alijua kwamba vita vyenyewe vitaamuliwa Ulaya. Hesabu yake ilikuwa kwamba kila askari wa Uingereza atakayezuiwa Afrika Mashariki hatapelekwa Ufaransa. Hesabu hiyo iliwafaa watu wa Berlin. Mpare, Mdigo au Mgogo haikumfaa kwa lolote, wala hakuna aliyemuuliza.

Gavana na kamanda hawakuelewana tangu mwanzo. Lettow alitaka kupiga kwanza, na tarehe 15 Agosti watu wake waliiteka Taveta, chini ya Kilimanjaro. Tarehe 20 Septemba meli ya vita ya Kijerumani Königsberg iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus ikitengenezwa injini katika bandari ya Zanzibar, ikaizamisha kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Baada ya hapo Waingereza hawakuweza tena kuziacha bandari za Wajerumani. Tanga ilitakiwa iwe ya kwanza.

Aitken aliwashusha watu wake usiku huohuo wa tarehe 2 huko Ras Kasone, mashariki ya mji, penye mikoko na mwinuko mkali. Kulipokucha, vikosi viwili viliingia mashamba ya mpira kuelekea mjini, vikidhani Tanga haina ulinzi. Ilikuwa na kampuni moja na polisi, waliojipanga kwenye bonde lililochimbwa kupitisha reli. Hao walitosha. Wahindi walirudishwa nyuma wakiwa wamepoteza karibu watu 300, na Aitken akaamua kungoja mpaka jeshi lake lote lishuke.

Siku ile ya kungoja ndiyo iliyoamua mambo. Reli ya Usambara ilitoka Tanga hadi Moshi, kilomita kama 350, na sehemu kubwa ya jeshi la Lettow ilikuwa Kilimanjaro ikitazamia shambulio kutoka Kenya. Garimoshi zilikuwa chache. Askari walipakiwa kampuni kwa kampuni, wakateremka usiku na mchana kupitia Mombo na Korogwe. Lettow mwenyewe alifika kabla ya alfajiri ya tarehe 4. Alipanda baiskeli akapita katika mitaa mitupu ya Tanga hadi ufukweni, akaziona meli za Waingereza zikiwaka taa, kelele za kushusha mizigo zikimfikia. Alikuwa na watu kama 1,000.

Shambulio kubwa lilianza mchana huo, katika jua kali na vichaka ambamo mtu hamwoni mwenzake wa hatua kumi. Kikosi cha North Lancashire na wapiganaji wa Kashmir walifika mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba hadi karibu na bandari. Upande wa kusini mambo yalikuwa mengine: vikosi vilivyochoka na kushikwa na kiu vilivunjika mbele ya bunduki za rashasha. Hapo Lettow akayatoa makampuni aliyokuwa ameyaweka akiba, yakazunguka ubavu ule yakapiga. Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani ambaye miaka ya 1890 alipigana na Mkwawa wa Wahehe, aliuawa mjini siku hiyo.

Kisa ambacho ulimwengu unakikumbuka ni cha nyuki. Risasi ziligonga mizinga iliyotundikwa mitini, makundi yakatoka, yakawashambulia askari wa Kihindi mpaka wakakimbia. Baadhi ya Waingereza waliamini kwamba ni mtego wa Wajerumani, ingawa nyuki hawakubagua sare. Kisa ni cha kweli, lakini kimesimuliwa mno hata kikamfuta askari aliyesafiri usiku kucha kwenye behewa, akashuka, akapigana bila kulala. Tanga iliokolewa na watu hao na reli iliyowaleta.

Usiku wa tarehe 4 tarumbeta ya Kijerumani ilieleweka vibaya, makampuni yakarudi magharibi ya mji. Kwa saa kadhaa Tanga ilikuwa haina mlinzi, na Aitken hakujua. Asubuhi yake, tarehe 5, aliamuru jeshi lirudi melini. Hasara yake ilikuwa zaidi ya watu 800 waliokufa, kujeruhiwa au kupotea. Upande wa Lettow walikufa karibu 70. Jeshi jingine la Waingereza nalo lilishindwa Longido tarehe 3, kwa hiyo hata pengo aliloliacha Lettow Kilimanjaro halikumdhuru.

Ufukweni Waingereza waliacha bunduki za rashasha, mamia ya bunduki za kisasa, risasi zipatazo 600,000, simu na nguo. Lettow alipata silaha mpya za kutosha makampuni matatu, na zile za moshi zikaanza kuwekwa kando. Alipata pia kitu ambacho Schnee alikuwa amemnyima, yaani uhuru wa kuamua. Gavana hakutaka Tanga ipiganiwe. Baada ya ushindi ule hakuwa tena na sauti ya kumzuia mkuu wa jeshi.

Vita ambavyo vingeweza kukwama pwani Novemba ile vikaendelea miaka minne. Vilishuka Rufiji, vikavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, vikarudi, vikaishia Rhodesia ya Kaskazini. Kila jeshi lililopita lilikula chakula cha vijiji na kuchukua wanaume wa kubeba mizigo. Wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa wanakadiriwa kupita 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Lettow alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na askari zaidi ya 1,100. Bunduki walizoziweka chini siku hiyo karibu zote zilikuwa zimetekwa kwa Waingereza na Wareno.