Kutafuta utafiti wa kilimo kupitia maktaba

Msikilizaji, viwavi wametoboa mahindi yako, na dukani unauziwa dawa yoyote iliyopo. Tafiti kuhusu mdudu huyo zipo, ila nyingi ni za Kiingereza na baadhi hulipiwa. Maktaba inaweza kukusaidia.

Mpango wa AGORA, ulioanzishwa mwaka 2003 na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), huzipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida ya kilimo bure au kwa bei nafuu. Nenosiri hupatikana kwenye maktaba ya taasisi iliyojisajili. Kama si mwanafunzi, muulize mkutubi kama unaweza kusomea hapohapo. Nenda na picha ya mdudu kwenye simu.

Fanya hivi:

1. Tumia jina la kisayansi. Kiwavijeshi vamizi, aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016, ni Spodoptera frugiperda. Kiwavijeshi wa asili ya Afrika ni Spodoptera exempta. Ukichanganya majina, utasoma habari za mdudu mwingine.

2. Zungushia jina alama za nukuu: “Spodoptera frugiperda”. Maneno yote mawili yatatafutwa yakiwa pamoja.

3. Majibu yakizidi, ongeza AND maize, yaani mahindi, kisha AND Tanzania.

4. Anza na muhtasari. Angalia utafiti ulifanyika wapi na mwaka gani.

Ukikuta dawa imetajwa, usinunue kabla ya kumuuliza afisa ugani kama imesajiliwa nchini.