Kutoka Kivuko cha Hudson Hadi Ndani ya Bakteria

Nimekuwa kimya kwa muda, na sababu ni mayai. Mwaka jana nilimtengenezea mama mashine ya kuangulia vifaranga: sanduku la mbao, balbu mbili, kipimajoto cha kielektroniki na programu fupi niliyoiandika usiku mmoja. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21. Programu yangu ilifuata kanuni rahisi: joto likipungua kidogo balbu zing'ae kidogo, likipungua sana zing'ae sana. Niliijaribu mezani kwangu Nairobi ikafanya kazi vizuri. Kule kwa mama Nyahururu, ambako usiku ni baridi kweli kweli, ilikwama kwenye nyuzi 36.6 na haikupanda tena. Kati ya mayai 48 tulipata vifaranga 9. Mama hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Kosa lilikuwa langu, na wahandisi wa udhibiti wanalijua tangu zamani. Balbu zangu ziling'aa kulingana na pengo lililopo kati ya joto ninalolitaka na joto lililomo. Pengo likiwa sifuri balbu zinazimika, lakini sanduku linaendelea kupoteza joto. Kwa hivyo ni lazima pengo fulani libaki ili balbu ziwake. Baridi ikizidi, pengo linakua. Dawa yake ni daftari, kama lile la madeni la mwenye kioski: kila dakika unaandika pengo lililopo, unalijumlisha na yaliyotangulia, na mwanga unafuata jumla hiyo. Pengo likiwepo, hata liwe dogo namna gani, jumla inapanda na balbu zinaongezewa nguvu. Pengo likifika sifuri, jumla inatulia pale ilipo, na balbu zinaendelea kung'aa kwa kiasi kile kile kinachohitajika.

Wakati nikisoma jinsi ya kurekebisha programu hiyo ndipo nilipogundua kwamba kuna watu waliotengeneza daftari la namna hii ndani ya bakteria. Hakuna kompyuta humo, ni protini tu. Nimekaa na habari hii wiki tatu sasa, na leo nataka niwasimulie ilikotoka.

Tuanze Marekani, Agosti 1927. Harold Black, mhandisi kijana wa Bell Labs, alikuwa akivuka mto Hudson kwa kivuko kwenda kazini New York. Shida iliyomkosesha usingizi ilikuwa ya simu. Sauti ikisafiri mbali inafifia, kwa hivyo njiani unaweka vikuza sauti vingi vinavyofuatana. Vikuza sauti vya wakati huo vilitumia valvu za kioo, na hakuna mbili zilizofanana: hii inakuza zaidi, ile imezeeka, nyingine inabadilika na joto. Kila kimoja kilipotosha sauti kidogo, na mwisho wa safari ulisikia mngurumo tu. Black alikuwa amejaribu kwa miaka kutengeneza valvu bora zaidi. Pale kivukoni likamjia wazo la kuiacha valvu na ubovu wake, achukue sehemu ya kile kinachotoka, akigeuze na kukirudisha mlangoni ili kipunguze kile kinachoingia. Alichora mchoro wake juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo mkononi.

Huo ndio mrejesho hasi. Unapoteza sehemu kubwa ya nguvu ya kukuza, lakini kinachobaki kinategemea ule mkondo wa kurudisha, siyo ubora wa valvu. Kwa maneno mengine, Black aliuza nguvu akanunua utabirifu. Ofisi ya hataza ilikaa na ombi lake zaidi ya miaka tisa kabla ya kulikubali mwaka 1937. Tena wazo lenyewe lina hatari yake, maana mrejesho ukichelewa mtambo unaanza kupiga mluzi wenyewe. Ilibidi Harry Nyquist, naye wa Bell Labs, aandike mwaka 1932 kanuni ya kujua mapema kama mtambo utatulia au utapiga mluzi.

Sasa turuke hadi kwenye biolojia. Mwaka 1961 François Jacob na Jacques Monod, wa Institut Pasteur mjini Paris, walieleza kwamba jeni nazo zina swichi. Bakteria aitwaye E. coli hatengenezi vimeng'enya vya kusaga sukari ya maziwa mpaka sukari hiyo iwepo. Kuna protini inayokalia jeni na kuizima, na sukari ndiyo inayoiondoa. Kwa mtu wa saketi, hapo mate yanaanza kumtoka. Kama kuna swichi, si tuunganishe zetu?

Iliwachukua watu karibu miaka 40. Januari 2000, katika toleo moja la jarida la Nature, yalitoka makala mawili. Timothy Gardner, Charles Cantor na James Collins wa Boston University waliunganisha jeni mbili zinazozimana wakapata swichi inayokumbuka hali yake. Michael Elowitz na Stanislas Leibler wa Princeton waliunganisha tatu kwa duara: ya kwanza inaizima ya pili, ya pili inaizima ya tatu, ya tatu inaizima ya kwanza. Bakteria wakawa wanawaka na kuzimika rangi ya kijani kila baada ya dakika 150 hivi. Ilikuwa saa! Biolojia sanisi, yaani uhandisi wa kuunda saketi mpya ndani ya viumbe, huhesabiwa na wengi kuwa ilianzia hapo.

Lakini soma makala ile kwa makini. Ni asilimia 40 hivi tu ya seli zilizoonyesha mdundo huo. Seli mbili ndugu, zilizotoka kwa mama mmoja na zenye DNA ile ile, zilipishana majira baada ya muda mfupi. Valvu za Black zimerudi, tena zimezidi, kwa sababu ndani ya seli protini za aina moja zinaweza kuwa chache mno na bahati ndiyo inayoamua nani akutane na nani.

Mwaka huo huo wa 2000, Heidelberg nchini Ujerumani, Attila Becskei na Luis Serrano walifanya jambo ambalo Black angelitambua mara moja. Walitengeneza jeni ambayo protini yake inaizima jeni hiyo yenyewe. Tofauti kati ya seli na seli zikapungua waziwazi. Na kule Caltech, kundi alilokuwemo mhandisi wa udhibiti John Doyle lilionyesha kwamba E. coli anapoogelea kufuata chakula, tayari anatumia hesabu ya daftari. Alikuwa nayo kabla hatujajua kuandika!

Kikwazo kingine kilielezwa mwaka 2008 na Domitilla Del Vecchio, Alexander Ninfa na Eduardo Sontag. Sehemu mbili zinazofanya kazi vizuri kila moja peke yake, ukiziunganisha, ile ya pili inanyonya protini za ya kwanza na kuibadilisha tabia. Kama una jirani fundi wa kuchomelea vyuma, na taa zako zinafifia kila akianza kazi, huhitaji kuelezwa zaidi.

Tukirudi kwenye daftari. Mwaka 2016 Corentin Briat, Ankit Gupta na Mustafa Khammash wa ETH Zürich walichapisha hesabu ya kidhibiti cha molekuli mbili. Ya kwanza inatengenezwa kwa kasi isiyobadilika, kulingana na lengo. Ya pili inatengenezwa kulingana na kile kinachopimwa. Zikikutana zinashikana na kufutana, moja kwa moja. Basi tofauti inayobaki kati yao ni jumla ya mapengo yote yaliyopita. Nilipoelewa hivyo niliweka kalamu chini. Mimi nilihitaji programu nzima na nikakosea, hawa wametumia kutoa tu. Mwaka 2019 kundi hilo, Stephanie Aoki akiwa mwandishi wa kwanza, lilikitengeneza ndani ya E. coli. Walimwongezea kimeng'enya kinachoharibu ile protini inayodhibitiwa, na kiwango chake kikarudi palepale kilipokuwa.

Si kamilifu. Seli ikikua na kugawanyika, molekuli za daftari zinapungua kwa kila mtoto, ni kama daftari linalochanwa kurasa. Na bei ya Black bado inalipwa: seli inayobeba kidhibiti ina kazi ya ziada, hivyo hukua polepole.

Hapo ndipo usalama unapoingia. Seli iliyopoteza kidhibiti kwa badiliko dogo la DNA inakua haraka kuliko wenzake. E. coli katika hali nzuri hugawanyika kila dakika 20; kwa saa 10 hiyo ni mara 30, yaani mmoja anakuwa zaidi ya bilioni moja. Swichi za kujiua, ambazo maabara ya Collins ilitengeneza mbili mwaka 2016, zina shida hii hii: atakayeivunja swichi ndiye atakayebaki kuzaa. Mwongozo wa taasisi ya afya ya Marekani, NIH, unataka watoro wasizidi mmoja katika seli milioni 100.

Binafsi naamini zaidi njia nyingine. Mwaka 2015 maabara ya George Church huko Harvard na ya Farren Isaacs huko Yale ziliandika upya DNA ya E. coli ili protini zake muhimu zihitaji asidi amino ambayo haipo popote katika maumbile. Usipomlisha anakufa, wala hakuna swichi moja ya kuvunja. Hata katika seli bilioni 100 hawakuona iliyotoroka. Ukichanganya hilo na kidhibiti cha Zürich unapata kitu ambacho mimi ningekubali kitoke nje ya maabara, angalau kwa majaribio.

Programu ya mama nayo nimeirekebisha, mistari sita tu. Mayai mengine 48 yamo ndani tangu Jumatatu ya juma lililopita, na jana usiku, baridi ikiwa kali, alinisomea kipimajoto kwa simu: 37.5.