Ifakara: wataalamu wa bonde la Kilombero

Ifakara ni mji wa mkoa wa Morogoro, kwenye tambarare ya mto Kilombero, kati ya safu ya Udzungwa na milima ya Mahenge. Sokoni unajulikana kwa mchele; katika majarida ya tiba unajulikana kwa mbu. Tangu katikati ya karne ya 20, sehemu kubwa ya majina ya kitaaluma yanayohusishwa na bonde hili imepitia Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, au maabara iliyo jirani nayo.

Kabla ya maabara hiyo, maarifa ya bonde yalikuwa mikononi mwa watu wa aina nyingine. Mtema Towegale Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, aliandika sura katika kitabu cha Arthur na Geraldine Culwick kuhusu watu wake, kilichochapishwa mwaka 1935. Arthur alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Katika vitabu vya aina hiyo, wenyeji kwa kawaida walihojiwa tu, majina yao yakaachwa nje. Jina la mtema liliandikwa wazi kuwa la mwandishi wa sura.

Hospitali ilitokana na kazi ya wamisionari Wakapuchini na masista wa Baldegg, wote kutoka Uswisi. Daktari Karl Schöpf ndiye aliyeipa sifa ya upasuaji na tiba iliyovuta wagonjwa kutoka mbali. Mwaka 1949 alifika Rudolf Geigy (1902–1995), mtaalamu wa wanyama na mwanzilishi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel. Alizaliwa katika ukoo wenye kampuni ya kemikali ambamo Paul Müller aligundua nguvu ya DDT ya kuua wadudu. Geigy mwenyewe alishughulika zaidi na papasi na homa wanayoieneza. Mwaka 1957 maabara ya kudumu ya taasisi hiyo ilifunguliwa Ifakara, na mwaka 1961 kikaanzishwa kituo cha kufundisha waganga wasaidizi. Kwa wananchi wa kawaida, huenda kituo hicho kilikuwa na faida kubwa kuliko utafiti wote wa miaka ile, maana wahitimu wake walikwenda kufanya kazi katika vituo vya afya vijijini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maabara iliongozwa na Marcel Tanner, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi wa taasisi mama ya Basel. Hatimaye uongozi ulipita mikononi mwa Watanzania. Andrew Kitua, daktari aliyechunguza malaria ya watoto wachanga katika kijiji cha Idete, aliongoza maabara hiyo kabla ya kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Hassan Mshinda aliongoza pia, kisha akawa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Njia ya kazi ilikuwa hiyohiyo: shahada ya Basel, miaka ya vumbi na mafuriko Kilombero, halafu ofisi Dar es Salaam.

Idete ndiko ilikojaribiwa chanjo ya malaria ya SPf66 ya Mkolombia Manuel Patarroyo. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, lakini majaribio ya baadaye kwingineko hayakuyathibitisha. Salim Abdulla, mkurugenzi mwingine wa maabara ya Ifakara, iliyokuja kuwa taasisi, aliongoza majaribio ya chanjo ya RTS,S kwa watoto wachanga wa Bagamoyo, yaliyochapishwa mwaka 2008. Hiyo ndiyo chanjo iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021.

Kilichobadilisha maisha bondeni haraka zaidi, hata hivyo, ni chandarua. Mradi wa KINET, ulioanza mwaka 1996, uliuza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu, na wajawazito wakapewa hati za punguzo kliniki. Happiness Minja alichunguza jinsi wenyeji walivyotenganisha homa ya malaria na degedege, ili matangazo yasizungumze peke yake. Rose Nathan, mwanademografia, alifuatilia kama maskini nao walivipata. Mwaka 2001 watafiti waliripoti kwamba uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliotumia vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27. Ugumu ulibaki kwenye madungu, vibanda vya mashambani ambako familia huhamia msimu wa mpunga.

Kizazi kilichofuata ni cha wataalamu wa mbu. Fredros Okumu, Mkenya, alijenga jina Ifakara kwa utafiti wa harufu zinazomvuta mbu kwa binadamu, akawa mkurugenzi wa sayansi wa taasisi. Emmanuel Kaindoa na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba mbu wa aina ya Anopheles funestus, japo si wengi, ndio wanaoeneza zaidi ya asilimia 80 ya malaria katika vijiji walivyochunguza. Takwimu za namna hii zimetegemea pia vijana wa vijijini waliokesha wakinasa mbu. Majina yao, yakitajwa, huwa kwenye shukrani za mwisho.

Katika siasa pia bonde limetoa majina. Celina Kombani, mbunge wa Ulanga Mashariki, alikuwa Waziri wa Katiba na Sheria, kisha wa Utumishi wa Umma hadi kifo chake mwaka 2015. Haji Mponda wa Ulanga Magharibi alikuwa Waziri wa Afya kuanzia mwaka 2010, akaondolewa Mei 2012 baada ya mgomo wa madaktari.