Wake Waliobaki Mazimbu



Mwezi uliopita alikuja biharusi mmoja dukani kwangu kupima gauni la nikahi. Nikiwa na tepu kiunoni mwake nikamuuliza maswali yetu ya kawaida ya mafundi: harusi lini, rangi gani, bwana harusi kwao wapi. Akaniambia yuko Maskati, wamejuana kwa simu, kwao hasa hapajui ila jina lake analijua. Nikamuuliza, "Hilo jina ndilo liliomo kwenye pasipoti yake?" Akacheka sana. Mimi sikucheka, na nilipoona kanitazama vibaya ikabidi nimweleze kwa nini. Nikaona nikuelezeni na nyinyi, maana ni historia ambayo wengi huku visiwani hawaijui.

Mimi ni mtoto wa Morogoro, huku nimeletwa na ndoa na biashara. Kwetu ukitoka mjini kidogo, milima ya Uluguru ukiiona vizuri, unafika Mazimbu. Leo pale pana kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine, inaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Watoto wanasoma, bodaboda zinapita, na wengi hawajiulizi huyo Mahlangu alikuwa nani.

Alikuwa kijana wa Afrika Kusini. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kikaburu, polisi wakawapiga risasi. Baada ya hapo vijana kwa maelfu waliikimbia nchi yao, wakipitia Botswana, Swaziland na Msumbiji, wengine wakiwa bado na sare za shule. Mahlangu alikuwa mmoja wao. Alirudi kupigana, akakamatwa mwaka 1977, na tarehe 6 Aprili 1979 Makaburu wakamnyonga huko Pretoria. Alikuwa na miaka 22.

Wale vijana waliokimbia walihitaji pa kusoma. Serikali ya Tanzania ikakipa chama chao cha ANC shamba la mkonge lililokuwa limeachwa, ndiyo Mazimbu. Mama Anna Abdallah, ambaye wakati huo alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, anatajwa sana katika jambo hili. Wakajenga kwa mikono yao na kwa misaada ya nchi nyingi: madarasa, mabweni, nyumba, kiwanda cha samani, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1984 kwa msaada wa Waholanzi, ambayo hata wenyeji walitibiwa. Shule ikaitwa kwa jina la Mahlangu. Baadaye wakapewa na Dakawa, barabara ya Dodoma, na huko kulikuwa na karakana ya kufuma na kuchapa vitambaa. Hiyo naitaja kwa sababu ya kazi yangu tu, nisamehewe.

Sasa sikilizeni habari ya majina. Makaburu walikuwa na majasusi kila mahali. Januari 1981 waliingia hadi Matola, Msumbiji, wakaua wakimbizi majumbani mwao. Desemba 1982 wakafanya hivyo hivyo Maseru, Lesotho. Kwa hofu hiyo, kijana akijiunga na chama alipewa jina jipya, na lile la kwao aliliacha. Kuandika barua nyumbani lilikuwa jambo la hatari, maana barua ikikamatwa mama yake ndiye angefuatwa na polisi. Kwa hiyo kuna mama kule Soweto aliyeamka asubuhi moja akakuta kitanda cha mtoto kitupu, na kwa miaka kumi au zaidi hakujua kama mwanawe yuko hai au amekufa. Na kuna mtoto Mazimbu, miaka 15, anaitwa kwa jina ambalo mama yake hajawahi kulisikia.

Wasichana nao walikuwemo. Waliopata mimba walipelekwa kwenye nyumba ya kina mama iliyopewa jina la Charlotte Maxeke, bibi mmoja mwanaharakati wa kwao wa zamani. Walijifungua, wakalea kwa muda, halafu wakarudi darasani na mtoto akabaki kituo cha malezi. Kulikuwa na nia njema, msichana asikose elimu. Lakini tangu mwaka 1951 mganga mmoja Mwingereza, John Bowlby, alikwishaliandikia Shirika la Afya Duniani kwamba mtoto mchanga akitenganishwa na mlezi wake huumia moyoni hata kama chakula na dawa vipo. Huenda wale walimu na walezi walilijua hilo. Walikuwa vitani, wakachagua walichoweza.

Vijana hao walikua, wakawa watu wazima, na Morogoro ni mji wenye wanawake. Wakaoa. Mwanachama aliyetaka kuoa alitakiwa kuomba ruhusa ya chama, lakini mapenzi hayasubiri mhuri. Wengine walioana kwa taratibu zote, wengine waliishi tu pamoja watu wakawaita mume na mke. Wapo waliosilimu wakafunga nikahi. Mteja wangu mmoja ambaye ni mhadhiri aliniambia kwamba wanahistoria wawili, Arianna Lissoni na Maria Suriano, waliandika utafiti mwaka 2014 juu ya wanawake hawa wa Kitanzania walioolewa na watu wa ANC. Nilifurahi kusikia kuna walioona wanafaa kuandikwa. Kwetu walisemwa tu.

Februari 1990 chama kikafunguliwa kule kwao, na Mandela akatoka gerezani. Watu wakaanza kurudi. Tarehe 9 Julai 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, nyumba, shule, hospitali na kila kitu. Makaburi yakabaki, maana wapo waliofia pale. Na wanawake wakabaki.

Si wote, niseme haki. Wapo waliochukuliwa na waume zao wakaenda kuishi vizuri. Wapo waliokwenda wakakuta mume alikuwa na mke na watoto wakubwa tangu kabla hajakimbia. Wapo walioishi kule miaka na bado wakaitwa wageni, na Mei 2008 wageni waliposhambuliwa Afrika Kusini na watu zaidi ya 60 kuuawa, nao walijifungia ndani kama wengine. Lakini wengi niliowajua mimi ni wale walioambiwa, "Ngoja nikatengeneze mambo, nitakutumia nauli."

Mwalimu wangu wa cherehani alikuwa mmoja wao. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2007, matokeo hayakuwa ya kwenda mbele, mama akanipeleka kujifunza kushona. Kabla ya kozi ya cheti nilikaa kwake. Mumewe alisilimu akamwoa mwaka 1986, akaondoka 1991. Zilikuja barua mbili, halafu kimya.

Alikuwa na daftari la vipimo, kila mteja na ukurasa wake. Daftari likijaa tulinunua jipya, na kila jipya alinakili ukurasa wa kwanza vile vile: suti ya kiume, kifua, bega, mkono, urefu wa suruali. Siku moja nilimwambia, "Mama, huyu mteja mbona haji kuchukua nguo zake?" Akaniambia, "Atakuja." Binti yake alikuwa pale, umri wetu mmoja, akaniminya mguu chini ya meza ya kukatia.

Mwalimu halali vizuri, kila mtu alijua. Kichwa kikimuuma kilimuuma wiki nzima. Pikipiki ikisimama nje alisimama na yeye. Watu walisema ana jini mahaba. Wengine wakasema hana subira, na wengine hao hao wakasema subira yake imezidi, ni ujinga. Alipochumbiwa alikataa kwa sababu ni mke wa mtu. Akienda msibani alilia kuliko wafiwa, watu wakanong'ona. Mimi mwenyewe nilinong'ona, Allah anisamehe.

Miaka mingi baadaye, nikiwa huku Unguja, nilimsikia mtaalamu wa afya ya akili kwenye semina ya kina mama akieleza jambo ambalo mwanachuoni mmoja Mmarekani, Pauline Boss, amelisomea maisha yake yote. Alianza miaka ya 1970 kwa wake wa marubani waliopotea kwenye vita vya Vietnam. Mume hakurudi, na maiti haikuletwa. Hawakuwa wajane, na ndoa hawakuwa nayo. Akaona wanawake hawa wanaumia kwa namna ya peke yake, kwa sababu mtu akifa kuna khitma, kuna eda, kuna watu wa kukupa pole, na moyo unapewa ruhusa ya kulia na kumaliza. Mtu akipotea hakuna anayekuja kukupa pole. Moyo unasimama pale pale. Mtu kama huyo anakosa usingizi, anashindwa kuamua mambo, anagombana na watoto, na yeye mwenyewe anajiona mwenda wazimu, wakati kilicho na kasoro si akili yake, ni hali aliyowekwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1999, na baada ya mashambulizi ya New York ya mwaka 2001 alikaa na familia za wale ambao miili yao haikupatikana.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikaona daftari la mwalimu wangu mbele ya macho. Yule mtaalamu akasema tena kwamba kumlazimisha mtu kama huyo aamini kuwa mwenzake amekufa hakumsaidii, na kumtia matumaini ya uongo hakumsaidii pia. Kinachomsaidia ni watu wakubali pamoja naye maneno mawili kwa wakati mmoja: huenda yuko hai, na huku hayupo. Halafu apange maisha yake.

Na sisi Waislamu tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Nabii Yaaqub, alayhis salaam, aliletewa kanzu yenye damu ya uongo. Hakupewa maiti ya Yusuf, wala moyo wake haukukubali kwamba amekufa. Alilia miaka mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na wanawe wakamwambia atajiangamiza. Huyo ni Mtume wa Allah. Nani alithubutu kusema hana imani?

Sheria yetu nayo haikumsahau mwanamke huyu. Mume aliyepotea ana mlango wake katika fiqhi. Sayyidna Umar alihukumu mke asubiri miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, miezi minne na siku kumi, kisha yuko huru. Wafuasi wa Imam Malik wameishika hiyo. Imam Shafi katika kauli yake ya mwisho alitaka yakini, lakini masheikh wetu wengi leo hutazama madhara na kukosekana kwa nafaka, na ndoa hufasakhiwa. Msinishike mimi, mimi fundi cherehani, ulizeni kwa kadhi. Huku Zanzibar tuna Mahakama ya Kadhi. Bara kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na mume kumtelekeza mke kwa makusudi kwa miaka mitatu ni moja ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika, ila lazima upite kwanza baraza la usuluhishi.

Mwalimu alikwenda mwaka 2010. Hakwenda kwa ajili yake, binti ndiye aliyemsukuma. Kwenye baraza aliulizwa jina kamili la mume, akataja jina la nikahi. Akaulizwa jina la kabla ya kusilimu, akataja lile alilotumia Mazimbu. Akaulizwa la kwao, alilopewa na mama yake. Hapo akanyamaza. Miaka mitano alilala naye kitanda kimoja, na jina hilo hakuwa nalo. Aliniambia kwamba kilichomuuma siku ile si kuachwa. Alikumbuka kuwa hata kama mtu angetangaza kwenye redio ya Afrika Kusini kwamba fulani amefariki, yeye angesikia akaendelea kukunja nguo.

Simlaumu yule bwana kwa kulificha, labda alikuwa anamlinda. Namlaumu kwa kutolisema mwaka 1991, wakati vita vimekwisha na begi liko mlangoni.

Talaka ilitoka, sheikh akamalizia upande wa dini, akakaa eda yake. Usingizi haukurudi wote lakini ulirudi kiasi. Daftari lililofuata halikuwa na ule ukurasa. Niliangalia.

Binti yake aliolewa mwaka 2012, gauni nilishona mimi, lesi nyeupe na bitana ya satini, mikono mirefu. Hapo ndipo tatizo la mwisho lilipotokea, ambalo mabinti wengi hawalifikirii. Walii ni nani? Baba hajulikani alipo, babu upande wa baba hajulikani, ami hajulikani hata mmoja. Kwa madhehebu yetu mjomba hana uwalii. Sheikh akaeleza kwamba hali kama hiyo uwalii unarudi kwa hakimu wa Kiislamu, kwa hiyo akasimamia yeye.

Tulikuwa chumbani na biharusi, mlango umeachwa wazi kidogo ili tusikie. Sheikh akauliza, "Binti wa nani?" Pakawa kimya. Wanaume wakageuka kumtazama mjomba, mjomba akatazama chumbani. Mwalimu akafunga vizuri mtandio wake, akasogea mlangoni, akataja lile jina la nikahi kwa sauti iliyofika barazani. Sheikh akaliandika, akaendelea.