Dainosaria Hawakupigwa Risasi

Wasee, kuna hoja naskianga kila nikitaja wanyama wanaoisha: "Hata dainosaria walikwisha na dunia ikaendelea. Wacheni asili ifanye kazi yake." Inakaa busara, si ndio? Sasa tufungue historia yetu hapa Kenya tuone hiyo asili ni gani.

Miaka ya 1940, Wakamba walikuwa wamebanwa kwenye rizavu ya Machakos, kwa sababu ardhi kubwa ilishapewa walowezi. Badala ya kurudisha ardhi, serikali ya mkoloni iliamua kufungua msitu wa Makueni. Shida ni kwamba huko kulikuwa na vifaru. Basi ikamtuma mwindaji, John Hunter. Kati ya 1944 na 1946 aliua karibu vifaru 1,000. Miaka miwili tu! Hiyo si asili bana, hiyo ni amri iliyotoka ofisini.

Na haikuishia hapo. Mwaka 1970 Kenya bado ilikuwa na vifaru weusi kama 20,000. Halafu pesa za mafuta zikajaa Uarabuni, na watu wengi zaidi Yemen wakaweza kununua jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru. Huko Asia pembe hiyo hiyo ikauzwa kama dawa. Miaka ya 80 ikiisha, tulikuwa tumebaki na vifaru chini ya 400.

Kilichowaokoa pia ni uamuzi. Waliobaki walikusanywa kwenye hifadhi zenye ua na walinzi, kama Ziwa Nakuru kuanzia 1987. Leo vifaru weusi wa Kenya wamepita 1,000.

Sasa linganisha na kifaru mweupe wa kaskazini. Yeye msaada ulimfikia kama ameshachelewa. Mwaka 2009 wanne waliletwa Ol Pejeta, Laikipia, kutoka bustani ya wanyama huko Cheki. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa 2018. Wamebaki Najin na binti yake Fatu, basi. Wanasayansi wanatengeneza viinitete kwa mayai ya Fatu na mbegu za madume waliokufa. Hiyo kazi ni ghali, na haina uhakika.

Kuna mtu atauliza, si hizo pesa zingesaidia watu? Swali ni la haki, hasa kwa mkulima ambaye shamba lake linakanyagwa na ndovu usiku na fidia haifiki. Lakini Makueni inatufunza kitu: kifaru na Mkamba walibanwa na uamuzi mmoja. Anayetetea mnyama bila kutetea jirani yake hajamaliza kazi.

Kwa hivyo msiniulize kama binadamu aingilie. Alishaingilia kitambo, na bunduki mkononi. Mimi niliacha chuo, lakini hii hesabu haihitaji digrii: kulinda mapema ni rahisi kuliko kufufua. Nyinyi mnasemaje?